Kuuza nyumba huku bado unaishi ndani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mbeya, Iringa na Njombe

Majibu haya yanahusu nyumba za kawaida za mijini na pembezoni mwa miji ya Nyanda za Juu Kusini: tofali za kuchoma au bloku, paa la bati, familia iko ndani na mkaa uko uani. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Pale jibu linapohitaji jingine, tumetaja namba ya swali.

## Kabla hujagusa chochote

1. Kuandaa nyumba kwa wanunuzi si ni kufanya usafi tu?

Usafi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwezesha mgeni aone ukubwa wa chumba, mwanga wake na hali ya ukuta bila kuzuiwa na maisha yako. Nyumba inayokaliwa imejaa vitu ambavyo mwenyewe huvioni tena: madumu kwenye korido, kalenda za miaka mitatu msumari mmoja, baiskeli nyuma ya mlango. Mnunuzi anaviona vyote, kisha anaondoka akisema nyumba ni ndogo.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Mnunuzi anayeujua ukanda huu huinua macho kwenye dari kabla ya kutazama makochi, na hugusa ukuta wa chini karibu na sakafu. Anatafuta unyevu. Kwa hiyo hela yako ya kwanza iende kwenye ukavu, mwanga na choo. Mapambo yasubiri.

2. Ni lazima tuhame kwanza?

Hapana. Nyumba tupu nayo ina hasara zake: huganda baridi, hutoa mwangwi, na chumba kisicho na kitanda ni vigumu kukikadiria kwa macho. Ondoa karibu theluthi moja ya vitu, vingine viende kwa ndugu, na ubaki na vile mnavyovitumia kila siku. Usivihamishie vyote kwenye chumba kimoja ukakifunga kwa kufuli. Mlango usiofunguliwa ndio atakaoukumbuka.

3. Msimu gani ni mzuri kuonyesha nyumba?

Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na upande wa Mbeya na Njombe zinaweza kuingia Mei. Kipindi hicho barabara za mtaa ni tope na kila kasoro ya paa inajianika. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini baridi ni kali. Mwezi Septemba na Oktoba hali ya hewa huwa rafiki zaidi: kuta zimekauka na jua lipo.

Matengenezo ya unyevu yafanywe kiangazi. Ukilazimika kuuza wakati wa mvua, usiogope kupita kiasi, maana nyumba inayobaki kavu mwezi Machi inajitetea yenyewe kuliko maneno ya dalali.

4. Hela ni kidogo. Nianzie wapi?

Kwa mpangilio huu: choo na bafu (swali la 13), madoa ya dari (swali la 7), vioo vilivyovunjika, vitasa na bawaba, taa zilizoungua, kisha rangi ya sebule na korido. Vioo vya luva vilivyopungua vina athari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu baridi inayopenya humfanya mgeni atamani kutoka mapema.

Usinunue makochi mapya kwa ajili ya kuuza nyumba. Utaondoka nayo, na bei ya nyumba haitasogea.

## Unyevu, fangasi na moshi

5. Rangi inabanduka sehemu ya chini ya ukuta na kutoa unga mweupe. Nipake nyingine juu?

Usipake bado. Ule unga ni chumvi inayobebwa na maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia tofali na plasta. Maji yakikauka usoni mwa ukuta, chumvi hubaki na kuisukuma rangi. Chanzo mara nyingi ni msingi uliojengwa bila karatasi ya kuzuia unyevu, au udongo wa nje uliorundikana hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani.

Anzia nje. Chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na uhakikishe maji ya bati hayadondokei mguuni mwa ukuta. Ndani, sugua chumvi kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ukutani. Plasta iliyolegea ibomolewe hadi kama nusu mita juu ya alama ya unyevu, ukuta uachwe wiki kadhaa ukauke, kisha upigwe plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji.

Kosa linalorudiwa sana ni kupaka rangi ya mafuta sehemu ya chini, ule mkanda wa mita moja na ushee unaoonekana kwenye korido nyingi. Rangi ya mafuta hairuhusu ukuta kupumua. Maji hujikusanya nyuma yake na baada ya muda hutoa malengelenge, pengine wiki ileile mnunuzi anarudi na mkewe.

6. Pembe za chumba zina fangasi weusi. Nitajuaje kama maji yanatoka ukutani au ni jasho la chumba?

Kata kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, uache siku mbili. Ukikuta maji upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta: rudi swali la 5. Maji yakiwa upande wa chumbani, hilo ni jasho. Mvuke wa kupika, kuoga na kupumua umekutana na ukuta wa baridi.

Fangasi wa jasho huoshwa kwa jiki, sehemu moja kwa tatu au nne za maji. Paka, acha dakika 15, sugua, futa kwa maji safi, kausha siku nzima madirisha yakiwa wazi. Vaa glavu. Usichanganye jiki na asidi ya kusafishia choo hata kidogo, maana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ukisharudisha ukavu, sogeza kabati na kitanda sentimita 10 kutoka ukutani na fungua madirisha kila asubuhi hata kama ni Julai. Fangasi akipakwa rangi bila kuoshwa, hutokeza upya.

7. Dari ina madoa ya kahawia lakini fundi anasema bati halivuji. Inawezekana?

Inawezekana sana huku. Usiku wa baridi, hewa yenye mvuke inayopanda kutoka vyumbani hugusa bati lililopoa na kugeuka matone yanayodondokea dari. Namna ya kutofautisha: mvujo huacha duara moja lenye ukingo mweusi na hukua baada ya mvua, jasho la bati huacha vidoadoa vingi vilivyotawanyika, na huonekana hata katikati ya kiangazi asubuhi za baridi.

Mvujo unatibiwa kwa kubadilisha misumari iliyolegea na mipira yake, au bati lenyewe. Jasho linahitaji matundu ya hewa kwenye pembetatu za paa na chini ya kofia ya bati. Baada ya hapo ndipo ubadilishe ubao wa dari, au upake doa rangi ya awali ya mafuta kabla ya rangi ya maji. Ukipaka rangi ya maji peke yake, doa la kahawia linapenya.

8. Tunaota moto wa jiko la mkaa ndani wakati wa baridi. Harufu itatoka?

Kwanza acheni, nyumba iuzwe isiuzwe. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na watu hufa usingizini.

Harufu yenyewe imejificha kwenye vitambaa na dari. Fua mapazia, anika mazulia na magodoro juani, futa dari kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, halafu osha kuta kuanzia chini kwenda juu ili michirizi isikauke. Masizi yasipooshwa, rangi mpya hugeuka njano. Manukato ya kupuliza yanamwambia mgeni kwamba kuna jambo.

## Rangi

9. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinahitaji rangi kiasi gani?

Kuta nne zenye kimo cha mita 3 ni mita za mraba 48. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 44. Mikono miwili ni 88. Kwenye plasta ya kawaida lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 8 hivi, kwa hiyo unahitaji lita 11. Ndoo ya lita 20 haitoshi vyumba viwili vya aina hiyo; hesabu lita 22. Plasta ya chembechembe hula zaidi, na ukuta uliopigwa puti na msasa hula kidogo.

Chagua krimu au nyeupe iliyovunjwa kidogo. Nyeupe kali kwenye chumba kisichopata jua huonekana ya bluu na huzidisha hisia ya baridi. Dari ibaki nyeupe.

10. Mafundi wanataka kuanza saa moja asubuhi mwezi Julai. Niwaruhusu?

Waanze na msasa na puti. Rangi ya maji haishiki vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 10, na asubuhi za Julai Mbeya na Njombe hushuka hapo. Ipakwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ikipakwa jioni, umande huifanya iwe na mabaka. Plasta mpya nayo inataka kama siku 28 kabla ya kupokea rangi.

Maliza wiki moja kabla ya mgeni wa kwanza. Harufu ya rangi mbichi humfanya ajiulize unaficha nini.

11. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, nje haina plasta. Nipige?

Si lazima. Tofali nzuri iliyojengwa kwa mstari ni sura ya kawaida ya Iringa na Njombe, wapo wanaoipenda. Safisha kwa brashi ngumu, jaza viungo vilivyomomonyoka kwa simenti na mchanga, na badilisha tofali zilizoliwa. Kupiga plasta nje ni gharama kubwa ambayo hairudi yote.

## Chumba kwa chumba

12. Sebule yetu imejaa. Tuondoe nini?

Seti za makochi ya watu saba ndizo humeza sebule za huku. Bakiza la watu watatu na viti viwili, vingine vihame. Acha njia ya sentimita 80 kutoka mlango wa mbele hadi korido. Vitambaa vya kufuma kwenye migongo ya makochi: viondoe wakati wa kuonyesha, hata kama mama amevifuma kwa mkono wake. Vinavunja chumba vipandevipande machoni, na kwenye picha ndivyo pekee vinavyoonekana. Kabati la vyombo punguza nusu ya vitu. Picha za harusi na mahafali ondoa, ukiacha moja au mbili, kwa sababu ya usalama pia (swali la 19).

Mapazia mazito fungua kabisa, na vioo vioshwe pande zote mbili. Taa za chumba kimoja ziwe za rangi moja ya mwanga. Ya njano hafifu hufaa zaidi kwenye baridi.

13. Choo na bafu: kuna nini cha zaidi ya kusugua?

Anza na harufu. Bafu lisilotumika mara kwa mara hukausha maji kwenye mtego wa sakafu, na hewa ya shimo hupanda. Mwaga lita moja ya maji kwenye kila tundu asubuhi ya kuonyesha. Harufu ikibaki, au choo kikishusha polepole, shimo limejaa. Ita gari la maji taka kabla na si baada.

Bomba linalodondoka hutaka washa (mpira wa ndani ya bomba) ya nusu inchi tu. Viungo vya marumaru vilivyoingia weusi visuguliwe kwa brashi na jiki, vikishindikana kwangua na ujaze upya. Ondoa ndoo zote isipokuwa moja safi, miswaki yote, nguo zote.

Shawa ya maji moto iwashwe na ifanye kazi. Mnunuzi wa Mbeya ataijaribu kwa mkono. Kama imekufa, itengeneze au iondoe na kuziba vizuri. Nyaya zinazoning'inia bafuni zinatisha.

14. Jikoni?

Juu ya meza kubaki vitu vitatu. Mtungi wa gesi usafishwe, jiko la mkaa likae uani, ukuta nyuma ya jiko uoshwe mafuta kwa maji ya moto na sabuni.

15. Tumevuna, magunia ya mahindi yapo chumba cha watoto. Inaharibu?

Ndiyo, kwa njia tatu: chumba hakionekani, panya wanafuata, na vumbi la dawa linanuka. Tafuta ghala la jirani au la ndugu kwa miezi miwili. Yakilazimika kubaki, yawe stoo juu ya chaga, yaliyopangwa, mbali na ukuta. Vidonge vya kufukizia mahindi visitumike kabisa ndani ya nyumba wanayolala watu. Gesi yake inaua, na imewahi kupita ukutani ikawafikia waliolala chumba cha pili.

## Nje na maji

16. Uani kuna kuku na bustani. Tuwauze?

Kuku kumi kwenye banda safi lenye maranda makavu hawamkimbizi mtu. Harufu ndiyo inayokimbiza. Badilisha maranda siku mbili kabla na wafungie wakati wa kuonyesha. Bustani yenye mistari na mparachichi unaozaa vinasaidia kuuza. Vichaka na bati chakavu zilizoegemezwa ukutani vinaharibu.

Geti lifunguke bila kukwaruza. Kutoka getini hadi barazani mwaga kokoto au panga tofali, upana wa mita moja unatosha, ili mgeni asiingie na kilo ya udongo mwekundu kwenye viatu. Gata zisafishwe majani.

17. Watu wanauliza sana kuhusu maji. Nijibu vipi?

Kwa vitendo. Simtanki lijae, mabomba yote yafunguke mbele yake. Eleza maji ya mamlaka hutoka siku zipi na saa zipi, na weka bili ya karibuni mezani. Ukisema yanatoka kila siku na jirani akasema mara mbili kwa wiki, hataamini tena chochote ulichosema. Na atamuuliza jirani, usitie shaka.

## Picha na siku ya wageni

18. Picha za simu zinatosha?

Zinatosha zikipigwa vizuri. Futa lenzi. Shika simu kwa ulalo, kimo cha kifua, simama kwenye pembe ya chumba. Piga kati ya saa nne na saa sita, ukungu ukishapanda, taa zikiwa zimewashwa. Picha 12 hadi 15: mbele, sebule mbili, kila chumba moja, jiko, choo, uani, simtanki, barabara inayofika. Watu wengi huficha choo na barabara, ndiyo maana wanaulizwa hivyo tu.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili ili zisififie. Kwa ndugu anayenunuliwa nyumba akiwa Dar es Salaam au ng'ambo, rekodi pia video moja isiyokatwa kuanzia getini.

19. Dalali anataka funguo alete watu tukiwa kazini. Sawa?

Hapana. Wakati wa kuonyesha wawepo watu wazima wawili wa nyumba. Fedha, dawa, pasipoti, vito na laptopu vifungiwe mapema. Wageni waje mchana tu, kwa miadi, si zaidi ya kundi moja kwa wakati.

Hati miliki ya asili isitoke ndani. Onyesha nakala, na mnunuzi mwenye nia afanye upekuzi ofisi ya ardhi. Ya asili itatoka mbele ya wakili.

Ukubaliane na dalali mapema kuhusu asilimia yake, na kama anawatoza wageni hela ya kuonyeshwa. Ikiwa anawatoza, atakuletea hata wasio na uwezo.

20. Niwafuate chumba kwa chumba nikieleza?

Wapokee, waonyeshe mlango wa kila chumba, kisha kaa barazani. Mume na mke wanataka kunong'ona. Chai si lazima, ila ukiwa umeiandaa, waikute wakimaliza. Watoto waende kwa jirani saa moja hiyo.

21. Vitu gani vinabaki na nyumba?

Andika orodha kabla ya mgeni wa kwanza: shawa ya maji moto, simtanki, pampu, vyuma vya mapazia, dishi, taa, makabati ya jikoni. Kitu unachoondoka nacho na kimefungwa ukutani, kitoe sasa na uzibe matundu. Mabishano kuhusu pampu yanaweza kuvunja mauzo yaliyokwisha kukubalika.

## Hali za pekee

22. Vyumba vya uani vina wapangaji.

Waambie mapema. Mpangaji anayesikia kwa dalali ndiye atakayemnong'oneza mnunuzi kuhusu kila ufa. Omba saa maalumu za kuingia. Karibu na vyuo vikuu kama MUST ya Mbeya au Mkwawa ya Iringa, wapangaji wanaolipa vizuri ni kivutio kwa mnunuzi mwekezaji, hivyo weka mikataba yao na stakabadhi tayari.

23. Kwenye kiwanja kuna kaburi la mzazi.

Lisemwe katika simu ya kwanza. Lisafishe, lisifichwe kwa maua wala matofali. Familia iamue kabla ya kutangaza: litabaki na ndugu wapewe njia ya kulifikia kwa maandishi, eneo hilo litengwe kwa upimaji, au mabaki yahamishwe kwa kibali. Mnunuzi anayeligundua siku ya malipo haondoki kimya.

24. Nyumba haijaisha, tunaishi vyumba viwili.

Vyumba vilivyoisha viandae kama ilivyoelezwa juu. Visivyoisha vitoe mbao, mifuko ya simenti na vifusi, fagia, na uzibe madirisha. Usikimbilie kumalizia kwa vifaa vya bei ya chini. Mnunuzi atavibomoa na kukukata gharama hiyo.

25. Mwenzangu hataki kuuza, ninaweza kuanza kuonyesha?

Usianze. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Vivyo hivyo nyumba ya urithi: anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto anayeishi humo.

26. Nilitengeneza ufa mkubwa. Niseme?

Sema, na uonyeshe picha za kabla na wakati wa kazi. Ufa wa nywele kwenye plasta hauhitaji hotuba. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha na kuingiza sarafu unahitaji fundi mwashi aukague kabla hujauziba, kwa sababu pengine msingi unashuka.

27. Wageni kumi wamekuja, hakuna aliyerudi.

Wapigie watatu wa mwisho, uulize swali moja: "Kitu gani kilikufanya usite?" Wakitaja vitu tofauti, tatizo ni bei. Wakitaja kitu kimoja wote, kitengeneze na upige picha mpya. Simu zikiwa hazipigwi kabisa, rudi swali la 18 na uangalie picha yako ya kwanza.